Mama, Zaitun Ameandika Ukutani

Mama yangu mpendwa,

Nina matope mpaka kwenye nyusi, na mume wangu ameondoka nyumbani akiguna. Kaa vizuri huko uliko nikueleze.

Unakumbuka kule Abuku, kila Idd ikikaribia, ulivyokuwa ukiikandika nyumba yetu upya? Ulikanyaga udongo kwa miguu, ukaupaka ukutani, ukaulainisha kwa kiganja. Watoto wa majirani walichapwa wakigusa ukuta mbichi. Sisi ulitupanga mbele yake, kila mtoto na kipande chake. "Haya, ile mwalimu alifundisha leo, weka hapa." Tukaandika kwa kidole. Nilipokosea nikaanza kulia, ulipitisha kiganja chako juu ya herufi zangu. "Unalia nini? Hiyo makosa iko wapi sasa? Mutu gani ameona?"

Ulikuwa na maswali kama hakimu. Nikiandika mbuzi, unataka kujua anakula nini, analala wapi, na majibu yote yaende ukutani. Mwaka mmoja jua lilituwahi kabla hujafuta, wageni wa Idd wakakuta neno MBUZI kando ya mlango wetu. Walipouliza, ukamwonyesha baba kwa kidole: "Iko jina yake." Baba, askari mzima, alicheka mpaka akamwaga chai.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba udongo uwahi ungali maji. Nilicheka peke yangu darasani. Nilidhani anakusema wewe.

Sasa nina Zaitun, mjukuu wako ambaye hukumwahi. Yuko darasa la kwanza hapa Pajulu. Mtoto ana maneno kama redio! Jioni tunasoma naye hadithi, anageuza kurasa mwenyewe, na nikiruka mstari ananikamata. Lakini wenzake waliziona herufi zake wakazicheka, na tangu siku hiyo hataki kushika penseli. Ukimwekea karatasi anaficha mikono chini ya gauni. Nilimbembeleza, nikamuahidi mandazi, wapi! Niliogopa, mama. Niliogopa ataichukia shule kabla hajaijua.

Ndipo leo asubuhi nikachota udongo, nikaukanyaga, nikaukandika ukuta wa jikoni upande wa nje. Ni ukuta wa matofali, na tuliupaka rangi juzi tu. Baba yake alitoka akashika kichwa.

"Mama Zaitun! Hii rangi iko mpya!"

"Rangi iko dukani," nikamwambia. "Mtoto hauzwi dukani."

Akachukua baiskeli yake akaenda.

Zaitun alinitazama kwa mbali. Sikumwita. Niliandika jina langu vibaya kwa makusudi, nikalifuta, nikaandika vibaya zaidi. Akasogea. Akanifutia yeye mwenyewe kwa kiganja, akacheka sana.

"Mama, nani alikufundisha huu mchezo?"

"Haboba yako. Ndiye aliyenizaa mimi."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Mariamu."

Akanyoosha kidole. Ulimi nje, pua karibu iguse udongo, akawa anaitamka kila herufi kabla ya kuichora. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Hakulia. Aliyelia ni mimi, na wala sikujificha. Ningetoa kila nilicho nacho uwe umesimama pale na maswali yako.

Alipomaliza, jua lilikuwa limeshapanda. Nikalowesha kiganja ili nilainishe ukuta kabla haujakauka, kusudi baba yake apoe. Zaitun akaruka mbele yangu, akatandaza mikono yote miwili.

"Usifute, mama! Baba hajasoma."

Mtoto aliyekuwa anaficha herufi zake!

Basi tumekaa hapa nje tunamngojea baba yake arudi, na udongo umekauka kabisa. Pumzika kwa amani, mama. Jina lako linaonekana mpaka barabarani.

Binti yako,
Mama Zaitun