Wanafunzi Waliohama kwa Karatasi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini kuanza kusema na wewe bila shikamoo siwezi, hata ukiwa kaburini.

Tangu tukuzike, shule yetu imekuwa ya mfano. Usicheke. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, sifuri hakuna hata moja, na mkuu mpya amepewa cheti kule Kilosa. Tulikula pilau. Watu wakanipa hongera, maana kiti chako cha mwalimu wa taaluma nimekikalia mimi, nami nikachekacheka. Moyoni nilikuwa najisemea, hapa kuna namna. Walimu ni wale wale, na hesabu bado inafundishwa na mwalimu wa jiografia. Sasa hizo akili zimeshuka kutoka wapi?

Ulikuwa ukiniambia, ukitaka kuijua shule usisome matokeo, soma daftari la mahudhurio. Nikalisoma. Darasa lile lilipokuwa kidato cha tatu lilikuwa na watoto arobaini na mmoja. Kwenye mtihani walikaa ishirini na sita. Waliobaki wameandikwa "amehama". Nikampigia mwalimu ninayemfahamu kwenye shule moja upande wa Mikumi, walikodaiwa kwenda. Hajamwona hata mmoja. Tangu siku hiyo simwamini mtu pale ofisini, hata anayenikaribisha chai namtazama mara mbili.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako, Mwalimu. Mimi nimo. Shule ilipofunguliwa, kabla matokeo hayajatoka, aliitwa bibi yake Neema, binti wa kidato cha nne ambaye hesabu hazimwingii kabisa. Bibi alishuka kutoka Vidunda kwa miguu. Kiswahili cha ofisini kinampa taabu, kwa hiyo mkuu akaniomba nimfafanulie kwa Kividunda. "Mwambie mtoto apumzike kidogo, atarudi akiwa tayari." Nikamwambia hivyo hivyo. Karatasi aliyowekewa mbele aiwekee dole sikuisoma. Bibi ni mtu wa kanisani, neno la mwalimu kwake halihojiwi. Akabonyeza dole gumba, akanishukuru, akaniachia na ndizi mbivu alizokuja nazo. Nilizila.

Jana nikafungua faili la uhamisho kwenye kabati lako. Ya juu kabisa ni barua ya kuomba Neema ahamishwe, na dole la bibi liko chini yake. Orodha ya watahiniwa inafungwa Ijumaa, na Neema hayumo. Yuko mlimani analima maharage, anasubiri kuitwa.

Nikaendelea kufukunyua nijue mchezo huu ulianza lini. Mwalimu, nimekuta mwandiko wako. Barua nyingi tu. Na moja ina jina langu, ina saini ya baba yangu, ya mwaka ule nilipokuwa navuna sifuri za hesabu. Haina muhuri.

Sijui niwaze nini. Ulinihurumia dakika ya mwisho? Baba alirudi kukubembeleza? Au ulisahau tu kugonga muhuri, nami nikapona kwa kusahauliwa? Nimekulilia mwaka mzima kama mzazi, na leo nakushuku. Wenzangu waliogongewa nawafahamu. Mmoja yuko Kisanga, anapasua kuni za kuuza, na kila nikipita ananiita mwalimu kwa heshima zote. Nilidhani alishindwa mwenyewe. Hata wewe uliniambia hivyo.

Kesho napanda Vidunda. Nitamweleza bibi, kwa Kividunda kile kile, kwamba karatasi ile ilimtoa mjukuu wake shule, na mdomo uliomdanganya ni wangu. Akinifukuza nitakaa nje mpaka anisikilize. Nitashuka na Neema na nitaandika jina lake kwenye orodha kwa mkono wangu. Akipata sifuri, itakuwa sifuri ya shule yetu. Kiti chako wakikitaka, wachukue.

Pumzika, kama unaweza. Kaburi lako nitaendelea kulipalilia kila mvua zikiisha, hilo sivunji hata nikiwa na hasira. Ila watu wakiniuliza ni nani aliyenifundisha kazi hii, jina lako sitalitaja mpaka Neema awe ameketi kwenye chumba cha mtihani.

Mwanafunzi wako, hata hivyo.