Rubisi Isiyoonjwa

Jumamosi, 8 Juni 1974

Kilabuni kwa Mae Koku tena, tangu jua la alasiri. Rubisi ya leo, pombe yetu ya ndizi na mtama, imelala siku mbili. Imekolea, haijawa kali. Mtama umekaangwa sawasawa, unausikia nyuma ya ulimi. Matoke na maharage, na kipande cha sato kwa mwenye bahati. Bahati ilikuwa yangu.

Nimebishana na Salum mpaka koo limekauka. Salum ni fundi cherehani wa mjini, babu yake alitoka pwani, hanywi pombe. Anapanda na baiskeli mpaka huku Nyanga kunywa maji matamu ya ndizi, yale yanayokamuliwa kabla mtama haujatiwa, na kunitukana. Leo kasema nimesoma vitabu vingi kuliko nilivyovielewa.

"Na wewe umeshona suruali nyingi kuliko ulizozipima," nikamjibu. "Hii niliyovaa ni shahidi."

Kilabu kizima kilicheka. Mae Koku alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna mahali pengine katika wilaya hii ambapo mtu hutukanwa vizuri hivi.

Alhamisi, 20 Juni

Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Ndyanabo amerudi kutoka kozi ya uongozi na suti mpya ya kola fupi na maneno mapya. Vilabu vya watu binafsi ni ubepari. Kuanzia mwezi ujao kitakuwa kilabu kimoja, cha kijiji.

Mae Koku, bepari! Mjane mwenye chumba kimoja cha udongo, viti vya magogo, na mtumbwi wa kukamulia ndizi uliochongwa na baba mkwe wake. Nilisimama. Nikasema ubepari ni kula jasho la mwingine, na jasho lililo katika mtumbwi ule ni la mpwa wake anayekanyaga ndizi, naye hulipwa kwa kunywa mpaka hawezi kufunga mlango. Watu wakacheka. Ndyanabo hakucheka. Alisema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu vya zamani."

Nilikuwa mjamaa wakati Ndyanabo bado anaiba miwa ya misheni. Nilifundisha ujamaa darasani kabla haujawa na posho. Ndiyo maana nina hasira. Mtu akikuharibia kitu usichokipenda, unamtazama tu.

Kura ilipigwa kwa mikono. Mingi ilipanda. Wengi wa wenye mikono hiyo nilikunywa nao Jumamosi. Waoga.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa ya pili nilipita. Mtumbwi umetolewa nje, umeegeshwa kifudifudi nyuma ya nyumba kama mtu aliyelewa. "Uchafu," anasema Ndyanabo. Miguu ya watu haitakanyaga tena chakula cha taifa. Mahali pake pamewekwa pipa la bati.

Mae Koku ameachwa afagie na kuosha vikombe. Nyumba ni yake, kilabu si chake. Nilimuuliza atafanya nini. Akasema, kwa lile neno letu la heshima, "Waitu Mwalimu, nitafagia." Alisema hivyo kama mtu anayenoa kitu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeinywa rubisi ya kijiji. Naandika nikiwa na kiungulia.

Migomba ya kienyeji ya pombe haitoshi pipa lile, kwa hiyo lori limeletwa kutoka Muleba na ndizi za kila aina, mbivu na zisizoiva, za pombe na za kupika, zote pamoja. Usawa wa ndizi. Wakatia sukari ichachuke upesi. Wakatia maji itoshe. Mtama hawakukaanga, waliunyunyiza mbichi. Ina rangi ya maji yaliyooshewa kufuli lenye kutu na ladha ya kulilamba.

Chakula: ugali wa unga wa njano na maharage yasiyo na chumvi. Katikati ya mashamba ya migomba, Mhaya anauziwa ugali! Matoke, anasema karani wa kilabu, hayamo katika mpango.

Na huingii tena. Unasimama dirishani, unatoa hela, karani anakusukumia kikombe cha bati bila kukutazama. Haonji. Hakuna anayeonja. Hili ndilo limenikaa rohoni kuliko sukari. Mae Koku alikuwa anatwaa kibuyu, anapiga funda moja mbele ya macho yako, anafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo anakukabidhi. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Kwetu anayetoa pombe huionja kwanza, mgeni aone haina sumu. Miaka hii nani anafikiria sumu? Lakini funda lile lilikuwa linasema: kitakachokupata wewe, kimenipata mimi kwanza.

Nilimwambia karani aonje. Akasema, "Mzee, foleni."

Jumamosi, 31 Agosti

Salum alikuja, akaomba maji yake ya ndizi. Hakuna. Kila kitu kinaingia pipani. Karani akampa biskuti. Alikaa juu ya gogo nje, akaitafuna ile biskuti kwa adabu ya mtu aliye msibani, akapanda baiskeli. Hakunitukana hata mara moja. Hilo liliniuma.

Ndani wamefunga redio kwenye rafu ya juu. Inapiga kelele tangu asubuhi. Huwezi kubishana na redio. Nadhani ndiyo kazi yake. Na kuna benchi jipya lenye mgongo, la viongozi. Nimepenya, nikalikalia. Nikaambiwa nitoke. Nikauliza kama ujamaa una migongo miwili. Nikatolewa.

Jumanne, 24 Septemba

Barua niliyomwandikia mhariri wa gazeti kuhusu kilabu imetoka. Wameacha aya ya kwanza inayosifu kilimo cha kijiji na kukata zilizobaki. Sasa jirani zangu wananipongeza kwa kumsifu Mwenyekiti. Nimekula chakula cha jioni peke yangu na sikukisikia.

Jumapili, 17 Novemba

Senene wameanguka. Alfajiri kila mtu yuko nje na debe, hata padre. Mae Koku ananyonyoa mbawa mlangoni kwake na anawala hadharani, mwanamke, mbele ya wazee waliolelewa kuamini kwamba mwanamke hali senene. Mmoja alikohoa. Mae Koku akamnyooshea bakuli, akamwita baba: "Karibu, Tata. Au unaogopa wataisha?"

Nimemwona mara ya kwanza tangu Julai akicheka.

Habari mbaya ni hii. Ndyanabo anataka ile nyumba yenyewe. Kilabu ni cha kijiji, kwa hiyo na kuta ziwe za kijiji. Ijumaa wageni wanakuja kutoka Muleba, wakulima Wahaya wenzetu na viongozi wao, kuona mfano wetu wauige. Wakisifu, kamati itapitisha siku hiyo hiyo kwamba nyumba ni mali ya kijiji, na Mae Koku ahamie kwa dada yake Izimbya. Wasiposifu, Ndyanabo hana la kusimamia. Amesema hayo mwenyewe, kwa majivuno, dirishani, huku redio ikinguruma.

Yaani kuta za mjane zinangoja mgeni atamke kwamba rubisi ni nzuri.

Ijumaa, 22 Novemba

Niandike kabla mgambo hawajaja.

Wageni walishuka kwenye lori. Ngoma, hotuba, majani ya migomba langoni. Kiongozi wao ni mkulima mmoja mnene, mcheshi, kofia ya pama, viatu vyenye udongo wa shambani. Aliuliza maswali ya maana kuhusu kahawa. Nilimpenda kabla hajaketi.

Ndyanabo alimkalisha kwenye benchi lenye mgongo. Akaletewa kikombe kipya cha kioo. Ndyanabo alikijaza mwenyewe kutoka pipani. Na kwa sababu kozini walimfundisha kwamba mgeni rasmi huhudumiwa kwanza, akakipeleka kwa mikono miwili, moja kwa moja, hadi mkononi mwa mgeni. Yeye mwenyewe hakugusa. Akatabasamu.

Mtoto wa Kihaya! Amezaliwa hapa, amenyonya hapa. Suti ile imemsahaulisha mpaka mdomo wake.

Mgeni alikipokea. Hakunywa. Alikishika tu, akamtazama Ndyanabo, akangoja. Ndyanabo akaona anangoja hotuba, akaanza kuhutubia. Usafi, mpango, maendeleo. Kadiri alivyosema ndivyo watu walivyokitazama kile kikombe. Hata waliopiga kura mwezi wa sita. Waliokwisha kushika vikombe vyao walivishusha magotini, mmoja baada ya mwingine.

Hapo nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, onja!"

"Mwalimu, kaa chini."

"Nitakaa ukionja. Mgeni ameshika kikombe mpaka kimepata joto."

Akasema kuonja ni ushirikina, ni kumtuhumu mwenzako. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika barabarani: mtawala wa zamani alikuwa na mtu wa kumwonjea, afe badala yake. Mae Koku alituonjea sisi wote, wachovu na wakulima, na hakuna aliyemlazimisha. Sasa nani kati yao ni kabaila, na wewe unayetaka tukuonjee ni nani?

Makofi. Si mengi, lakini yalikuwapo. Ndyanabo alitoka jasho. Angepiga funda moja tu yangeisha! Lakini alikwisha kusema ni ushirikina mbele ya watu wote. Angeonja angekuwa mshirikina, asingeonja angekuwa mlishasumu. Akageuka akamwona Mae Koku mlangoni na ufagio.

"Wewe mama, njoo umwonjee mgeni."

Redio mtu alikuwa ameizima, sijui nani, Mungu ambariki.

Mae Koku aliegemeza ufagio ukutani. Akapiga goti mbele ya mgeni kama inavyopasa, akamwamkia kwa Kihaya, akamuuliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Kisha akasema, taratibu:

"Unisamehe, waitu. Sionji nisichopika."

Mgeni akakiweka kikombe chini, sakafuni, kwa upole kabisa. Akaomba maji ya kunywa. Mae Koku akaenda kwenye mtungi wake, akachota, akapiga funda, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa. Akanywa yote. Watu walipumua.

Wageni waliondoka kabla ya chakula. Walisifu kahawa yetu. Hawakutaja kilabu.

Mgambo wanakuja. Nawaona chini kwenye njia, wawili, mmoja nilimfundisha hesabu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimetoka. Nililala mahabusu tangu Ijumaa na kunguni walioshiba. Salum alikuja Jumamosi na mkate na birika la kahawa. Alimwambia mlinzi, "Mpe huyu mfungwa wa rubisi." Kisha kwangu: "Umefungwa kwa ajili ya pombe na mimi nisiyekunywa ndiye ninayekulisha. Soma hilo katika vitabu vyako." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo nikajua tumepona.

Wameniachia kwa sababu hawakuweza kuandika kosa. Karani wa mahakama alijaribu mara kadhaa. Uchochezi wa nini? Serikali inahubiri usiku na mchana dhidi ya ulevi, na imemweka ndani mtu aliyewafanya watu wasinywe. Nilimwomba aliandike hivyo hivyo ili nilitunze. Akanifukuza.

Ningerudi kesho. Naziambia kuta hizi za nyumbani kwangu kwa kuwa hakuna mwingine wa kuambiwa: ningerudi kesho, na kunguni wale wale.

Jumanne, 10 Desemba

Kamati imekutana. Hoja ya nyumba haikuletwa. Hakuna aliyeitaja, ndivyo waoga wanavyotenda haki, kwa kunyamaza. Mae Koku anabaki na kuta zake.

Lakini kilabu hakikurudi kwake. Leseni ni ya kijiji, na wauzaji wa kijiji hawana mnunuzi. Pipa limetoboka kwa kutu. Dirisha limefungwa kwa ubao. Redio imehamia kwa Ndyanabo, impigie kelele yeye.

Sikushinda vyote. Sidai hivyo. Mtumbwi bado uko kifudifudi.

Jumapili, 22 Desemba

Mapema wiki hii mpwa wa Mae Koku alikuja, akaugeuza mtumbwi. Ulikuwa na buibui na kuku mmoja anayeatamia. Kuku akahamishwa kwa heshima. Ndizi ziliivia shimoni wiki nzima, za pombe tu, za nyumbani tu. Juzi zikakanyagwa.

Tulikaa nyuma ya nyumba, migombani, si ndani. Mae Koku hauzi. Ni wageni wake tu, na mgeni haulizwi leseni. Magogo yalichukuliwa kuwa kuni, kwa hiyo tulikalia mkeka. Hakukuwa na sato. Matoke yalikuwa machache, senene wa kukausha, kila mtu ngumi moja. Salum alipata maji yake matamu, akaniambia suruali yangu imenibana kwa sababu ya mahabusu, eti nilikula sana.

Jua lilikuwa limeinama Ndyanabo alipotokea kwenye ua, bila suti. Alisimama pale. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyaandaa tangu Novemba, mengine mazuri sana.

Mae Koku alichukua kibuyu. Akapiga funda akimtazama. Akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Akampa.

Alikunywa.

Alitafuta pa kukaa. Mkeka ni mdogo. Sikusogea. Akakaa kwenye majani.