Jino la Karani

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la funguo,
Jumapili, 16 Februari.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo, mwanangu? Baridi ya huko imekuachia, au bado unalala na soksi mbili mbili kama ulivyotuambia? Na lile jicho lililokuwa likikuwasha, limepoa? Baba yako naye mgongo unamruhusu kuinama siku hizi? Sisi huku tu wazima, tunajikongoja. Picha yako ya koti jekundu imefika, na bibi yako ameibandika kwenye mlango wa friji, juu kabisa ya ile karatasi ya daktari inayomkataza chumvi, ili asiione.

Hongera sana kwa mitihani. Mkaza mjomba wako alisoma ujumbe wako kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta, akidhani tunagombana. Yeye sasa amehamishiwa dirisha la kupokea nguo pale kwa dobi, hasimami tena kutwa nzima, na miguu imeacha kumvimba. Duka langu linakwenda. Watu hawajaacha kupoteza funguo.

Najua unajiuliza kwa nini nimekaa kuandika wakati simu ipo. Kwenye simu nadanganya kirahisi. Tangu mwaka uanze umeniuliza habari za Karani mara tatu, na mara tatu nimekujibu kwamba yu mzima, anakula, ni uzee tu. Mara ya mwisho mkaza mjomba wako alikuwa amesimama mbele yangu, akanikazia macho mpaka nikakata simu bila hata kukuaga. Kwa hiyo leo nimefunga mlango wa chumba ili niyaseme yote kama yalivyotokea.

Karani hajafa. Nalitanguliza hilo ili usiruke mistari kulitafuta.

Ilianza mwezi wa kumi. Asubuhi moja nilimwekea karoti, akaja mbio kama kawaida yake, akaing'ata, akaiachia. Akainamisha kichwa, akaing'ata kwa upande wa pili wa mdomo, akaiachia tena. Kisha akakaa akiitazama. Nikajiambia ni umri, maana miaka tisa kwa sungura si mchezo. Nikaanza kumpa vitu laini: mkate uliolowekwa, ndizi, biskuti za bibi yako. Akawa anakula, nami nikaridhika. Nyasi nilizokuwa nikimkatia kule nyuma ya uwanja wa shule nikaziacha kabisa. Kusema kweli, kupanda kile kilima kila jioni baada ya kufunga duka kulikuwa kumenichosha, na mkate ulinipa kisingizio.

Haikupita muda, yale meno yake mawili ya mbele ya chini yakarefuka yakatokeza nje ya mdomo, yamepinda, na manyoya ya kidevu yakawa yamelowa udenda saa zote.

Mkaza mjomba wako alisema tumpeleke kwa daktari wa wanyama. Unanijua. Nikamwambia mikono hii imefungua makabati ya chuma yaliyowashinda wenyewe, haitashindwa na jino la sungura. Nikachukua koleo langu dogo la kukatia waya, nikalichemsha, bibi yako akamfunga Karani kwenye taulo akambana kifuani, nikakata. Kazi safi. Siku hiyo hiyo akala. Nikashuka dukani kifua mbele. Baada ya wiki tatu nikakata tena, ikawa vile vile, na sikubakiza mteja ambaye sikumsimulia.

Mara ya tatu jino halikukatika, lilipasuka. Nilihisi kwenye vidole kabla ya kuona. Ufa ulishuka chini mpaka ndani ya fizi. Damu haikuwa nyingi. Karani hakutoa sauti yoyote. Wewe wajua sungura anavyonyamaza na maumivu yake. Alijichomoa kwenye taulo, akaenda kujibana nyuma ya kabati la vyombo, na hakutoka siku nzima.

Bibi yako akaniuliza, "Umemkata vizuri?"

Nikamjibu, "Vizuri, mama. Kashtuka tu."

Sikuwa nimekata vizuri, na nilijua. Kila asubuhi nilimshika taya kabla watu hawajaamka. Mwanzoni sikuhisi kitu. Halafu nikahisi kijiuvimbe kama punje ya hindi, upande wa kushoto. Baada ya siku kumi kilikuwa kama yai la njiwa, na Karani alikuwa amekaa kwenye kona, mgongo umeinuka, hagusi hata ndizi. Kinyesi chake kikapungua, kikawa vipunje vidogo vikavu, kisha kikakoma. Mkaza mjomba wako ndiye aliyekuta sanduku lake la choo ni safi asubuhi ile. Alikwenda kuvaa, akarudi, akaniambia nitoe kikapu cha kumbebea.

Daktari mwenyewe ni binti asiyekuzidi miaka mingi, mwenye mikono midogo na sauti ya chini. Alimpima Karani uzito: kilo moja na robo, yeye aliyekuwa akikaribia mbili. Akamwingiza mdomoni kijibomba chembamba chenye taa, akachungulia kwa muda mrefu. Kisha akauliza meno ya mbele amekatwa na nani.

Mkaza mjomba wako akageukia dirishani. Nikasema ni mimi.

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa koleo," nikasema. Alikuwa ameuliza kwa nini, nami nikajibu kwa kifaa gani. Ndivyo nilivyokuwa nimechanganyikiwa.

Akanieleza taratibu. Jino la sungura halikomi kukua maisha yake yote, na mzizi wake umezama mbali ndani ya taya. Koleo hulibana kabla ya kulikata, likapasuka hadi huko chini, na uchafu ukaingia. Ule uvimbe ulikuwa usaha. Lakini akaongeza kwamba shida haikuanzia mbele. Magego ya nyuma yalikuwa yameota ncha kali zilizomkata ulimi, kwa sababu sungura husaga magego yake kwa kutafuna nyasi kutwa kucha, na asipopata nyasi hayana cha kuyapunguza. Akaniuliza anakula nini. Nikamtajia mkate, ndizi, biskuti. Aliandika bila kuinua uso. Hakunigombeza. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Njia zilikuwa mbili. Kumlaza kwa dawa ya usingizi, ang'olewe yale meno mawili ya chini, usaha usafishwe, magego yasagwe. Ila kwa umri wake na udhaifu ule huenda asiamke. Au kumdunga sindano ya kumpumzisha pale pale, asiteseke tena. Jibu lilitakiwa asubuhi hiyo.

Nilitoka nje na simu mkononi. Ilikuwa ile wiki ya mitihani yako. Nikatafuta jina lako, likatokea na picha yako, nikasimama pale kwenye ngazi za zahanati watu wakinipita na mbwa wao. Sikupiga. Nilimwambia mkaza mjomba wako kwamba sitaki kukuharibia mitihani, naye akasema ni kweli. Ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa kukusikia ukiuliza imekuwaje. Nikarudi ndani nikatia sahihi apasuliwe, kana kwamba sungura ni wangu.

Tulikaa kwenye benchi saa mbili na zaidi. Nilikuwa nikimfikiria mama yako. Nilimwona siku ile alipokuja na lile boksi la viatu lenye matundu, akakuwekea mapajani pale jikoni kwetu, nawe ukaona lile doa jeusi kwenye pua ukasema huyu ni karani, amejipaka wino kazini. Alikuwa ameshaanza kuumwa, dada yangu, na sisi hatujui. Ulipoondoka kwenda kwa baba yako ukanikabidhi mimi, ukiwa na miaka kumi na tatu, ukanionyesha kwa vidole kiasi cha nyasi anachokula kwa siku. Konzi mbili. Nilikumbuka mpaka ulivyokunja vidole.

Aliamka. Daktari alitoka na kikapu, ndani Karani amelala ubavu juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, kidevu kimenyolewa, macho nusu. Akasema kazi sasa imehamia kwetu: asipoanza kula, tumbo litasimama na atakufa kwa hilo, si kwa jino.

Siku tatu tulimlisha sisi. Unga wa majani unakorogwa na maji ya uvuguvugu, unavutwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, unapitishwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Kila baada ya saa tatu. Mchana nilishuka naye dukani. Mteja mmoja, dereva wa lori, aliingia kuchonga ufunguo akanikuta nimempakata mgonjwa kwenye taulo, unga umenitapakaa mpaka kwenye ndevu. Akauliza kama arudi baadaye. Nikamwambia ashike bomba, nichonge. Akashika, na alimlisha vizuri kuliko mimi, mtu mwenye vidole kama ndizi. Akasema ana mapacha nyumbani.

Siku ya nne asubuhi tulisikia bibi yako akituita kutoka sebuleni kwa sauti ya mtu aliyeona moto. Tukakimbia. Alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku, anahesabu. Vipunje kumi na viwili. Akasema amelea watoto sita na wajukuu, na hajawahi kufurahia mavi kiasi hiki. Mkaza mjomba wako alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikaenda kupika chai ili wasinione uso.

Sasa napanda kilima kila jioni. Nyasi nazikata kwa mkasi vipande vya urefu wa njiti ya kiberiti, kwa kuwa meno ya kukatia hana tena. Anazikusanya kwa midomo na kuzipeleka nyuma. Inachukua muda. Namsubiri. Amefika kilo moja na nusu. Magego atasagwa tena kila baada ya wiki sita, na hilo sitalikosa.

Ningependa kuishia hapa, mwanangu, lakini barua hii nimeiandika kwa sababu ya yanayofuata.

Jumatano nilimshika taya, nikakuta punje ya hindi imerudi, pale pale. Nilimpeleka siku hiyo hiyo. Daktari anasema usaha wa sungura ni mzito, hautoki wote, hujificha kwenye mfupa. Anaweza kumpasua tena na kukwangua mfupa wenyewe, ila mwili wake hauna akiba ya kutosha, naye haahidi kitu. Au tumwache, tumpe dawa ya maumivu, ale anachoweza na alale kwenye jua la roshani, na siku atakapokataa nyasi twende naye kwa ile sindano. Huenda ni mwezi mmoja, huenda miwili. Ametupa hadi Jumamosi ijayo tuamue, ndiyo maana barua hii naituma kwa posta ya haraka.

Bibi yako anasema aachwe. Ana meno manne, na anasema hakuna atakayemlaza yeye mezani kwa ajili ya meno hayo, sembuse sungura. Mkaza mjomba wako alisema aachwe pia, kisha usiku wa manane, hapana, kesho yake asubuhi, akasema hajui. Mimi kauli yangu siiamini. Kazi yangu yote ni kutengeneza kilichoharibika, na hiki nimekiharibu mimi, kwa hiyo moyo wangu utasema apasuliwe, apasuliwe, hata kama ni kwa ajili yangu na si yake.

Mara ya kwanza nilikunyang'anya uamuzi. Safari hii ni wako. Nipigie ukishasoma, saa yoyote, hata nikiwa na mteja. Kama una hasira nami, anza na hasira. Nitakaa kimya mpaka uimalize. Nakuomba tu usichague njia kwa kunionea huruma, wala kwa kunikomoa. Mtazame Karani peke yake. Nitakuwekea simu karibu naye umsikie anavyotafuna, ni taratibu sana, lakini anatafuna. Ukisema apasuliwe, nitambeba. Ukisema basi, nitakuwa nimemshika mimi, kwa mikono hii hii, mpaka mwisho.

Nisalimie baba yako, mwambie namshukuru kwa malezi. Msalimie mama yako wa kambo na yule mdogo wako mtundu wa kufungua droo; mwambie nikija nitamfundisha kufunga. Bibi yako anakubusu viganja vya mikono yote miwili na anakukumbusha kula. Mkaza mjomba wako atakuandikia ya kwake, anasema yangu haiaminiki.

Mungu akulinde utokapo na urudipo, na akupe watu wa kukwambia ukweli mapema kuliko nilivyokwambia mimi.

Ni mimi, akupendaye na akuombaye radhi,
Mjomba wako.