Chombo ya Maziwa Imepata Kitanda

Muzee wangu Zihalirwa,

Neema, mujukuu wako, njo anaandika. Mimi ninasema tu. Unajua kalamu haijapitaka mu mukono yangu. Kama maneno inapinda, umugombeze yeye.

Sisi tuko. Avokado ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tunamugawia hata yule jirani uliyekuwa unakataa kumusalimia. Sasa yeye njo anatangulia kunisalimia! Paa inavuja palepale, juu ya kitanda. Mimi ninalala upande yangu, mvua inalala upande yako.

Lakini leo ninataka kukuambia habari ya chombo ya maziwa ya mama yako, ile ya mbao, uliyopeleka musée, ile nyumba ya kulinda vitu vya zamani, wakati wa vita ili waporaji wasiione. Siku yako ya mwisho ulinishika mukono: "Uirudishe kwetu." Nikasema ndiyo. Basi sikia nilichofanya, na usinune.

Neema anatumika mule musée sasa. Wanatoa vitu vyote mu depo ya zamani, wanaangalia kimoja kimoja kama vile munganga anaangalia watoto, wanapangusa, halafu wanavilaza mu masanduku mapya. Yetu ilikuwa na wadudu wa mbao. Wakaifunga mu plastiki, wakaitia mu kongelatere, wadudu wafe na baridi. Chombo ya mama mukwe wangu, imegandishwa kama tilapia! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya kuichukua nikavaa kikwembe yangu ya misa, nikabeba siagi ya ng'ombe kutoka Mudaka. Unamujua mama yako: kwake chombo haikuhama nyumba bila kupakwa. Nikachovya kidole tu, Neema akapiga kelele.

"Koko! Usiguse! Mafuta inaita panya na vumbi!"

"Wewe mwenyewe nilikupaka siagi ulipozaliwa. Panya ilikukula?"

"Mimi ninaoga, Koko. Chombo haiogi."

Huyu mutoto ana mudomo kama yangu. Nikafunga siagi.

Akanionyesha kitanda walichoitengenezea: sanduku ya karton, ndani musi nyeupe, laini kama godoro, imekatwa sawasawa na tumbo ya chombo, na kamuto ka pamba pale penye ufa. Wewe mwenyewe hukulalaka vizuri hivyo.

Halafu akaniwekea chombo mu mikono. Akasema: "Koko, iko yetu. Ukitaka twende nayo, tunaenda."

Nikatia pua ndani. Muzee... bado inanuka moshi. Ule moshi wa majani aliyofukizia mama yako chombo, siku nilipofika bibi harusi na nikakohoa mbele ya watu wote. Ulinicheka. Nilisimama pale na... Neema, andika tu kwamba nilisimama.

Nikafikiria nyumba yetu ya Kasha. Mvua iko upande yako. Panya ziko palepale, wewe mwenyewe zilikushinda. Na hawa wajukuu, kila kitu kwao ni goli ya mpira. Nikasema, "Umulaze mama mukwe wangu. Alale hapa kwanza." Neema akamulaza polepole, akafunika, na mimi nikapiga ishara ya musalaba juu ya karton. Hiyo hakunikataza.

Basi sikuirudisha. Unune kidogo, halafu unyamaze.

Mikono ya Neema inapasuka sababu ya kuvaa glavu kutwa. Jioni nikamupaka siagi kidole kwa kidole, mpaka akasinzia akikaa. Usiogope, asubuhi anaosha na sabuni mbele ya kugusa chombo. Ile siagi iliyobaki tukaitia mu viazi. Ilikuwa tamu, Muzee, ungelamba sahani.

Lala salama, wewe mulaji wa avokado. Nilikuahidi, na ile ahadi ningali nayo. Fundi wa paa anakuja mbele ya mvua kubwa, na paka nimeshapata. Siku nyumba itakauka, Neema atamuleta mama yako mu karton yake, na hapo kwetu, siagi nitapaka mimi. Neema apende, asipende.

Muke wako