Nimejengea Kaburi la Wengine Kabla ya la Baba

Hopkins, Minnesota, 8 Mei 2006. Mwaka wa saba tangu niondoke Mwanga.

Shikamoo Shangazi Tulia. Nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nimeahidi jambo na sasa sijui kama nimemkosea marehemu baba yangu.

Mimi ni kibarua wa zege, shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nivumilie nikizunguka. Mwezi uliopita bosi alinituma kwa mama mmoja msanii, Susan, ni Myahudi, karakana yake haiko mbali na ninapokaa, nikadhani anataka sakafu, kumbe anataka nimmwagie zege kama la kaburi, likae katikati ya chumba cha maonyesho. Nikamuuliza nani amefariki. Akasema, "Baba wa bibi yangu. Aliuawa Ulaya wakati wa vita, yeye na watu wa mji wake, na hatujui walifukiwa wapi." Akanionyesha kokoto za huyo bibi, ambaye alifika huku akiwa msichana, kwao mtu akizuru kaburi huacha jiwe dogo juu yake, na bibi kwa kuwa hakuwa na kaburi alikuwa akiziweka dirishani jikoni, kila mwaka moja, mpaka akafa mwenyewe. Hizo ndizo alizorithi Susan, naye anazipanga juu ya zege nililomwaga mimi.

Sasa Shangazi, baba yangu alifariki miaka mitatu iliyopita, nami sikuwa na makaratasi, sikwenda kuzika. Kwenye ukoo wetu kaburi halijengewi mpaka mtoto wa kwanza atie koleo la kwanza la zege, na mtoto wa kwanza ni mimi, kwa hiyo baba yuko chini ya tuta la udongo na msalaba wa mti, wadogo zangu wananingoja. Siku niliyopigiwa simu ya msiba sikulia, nilikwenda kazini. Lakini nilipokuwa nalainisha zege la Susan niliona mkono unakwenda polepole kama nampapasa mtu, nikalia mpaka nikakaa juu ya ndoo. Susan aliniletea chai. Nilipomweleza akasema, "Kwetu jiwe la kaburi hufunikwa kitambaa, na mwaka ukikaribia kutimia familia hukusanyika kulifunua. Mimi nitafunua hili Jumapili ya mwisho ya mwezi, mbele ya watu. Nishikie pembe moja, Anselm." Nikakubali. Tangu siku ile nalala vizuri na kifua ni chepesi, na wepesi huo ndio unaonitia hofu.

Maana Edson, mtu wa kwetu ninayeishi naye, aliposikia aliacha kula. "Kaka, baba yako analala kwenye vumbi, wewe unammwagia zege mtu ambaye hata hayumo humo?"

Nikamwambia ni kumbukumbu tu, ni sanaa.

"Sanaa. Haya, kamweleze mama yako hiyo sanaa. Na ukimaliza umwambie makaratasi yametoka."

Hapo alinipata. Grini kadi imetoka tangu Februari na nyumbani sijawaambia. Nikisema itabidi niende, na nikienda nitalikuta lile tuta, ndipo baba atakuwa amekufa kweli. Je, nimwambie Susan atafute mtu mwingine wa kushika kitambaa? Nyumbani natarajia kurudi karibuni.

Anselm

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nadhani hukupewa pole huko kwa sababu hukumwambia mtu, ulikwenda kazini.

Hukumlilia mzee wa Susan, humjui. Ulimlilia baba yako, miaka mitatu baadaye, kwenye ndoo ya watu. Sasa unalala, unashangaa nini? Ulikuwa umebeba matanga mgongoni, ukayatua. Hakuna dhambi hapo.

Edson ana haki nusu. Ukoo wako unakataza mwingine asikutangulie kwenye kaburi la baba yako, haujakataza wewe kumsaidia mtu kwenye la kwake. Mafundi wanaojengea makaburi hapo kwenu nao wana baba zao.

Ila hayo makaratasi, Anselm. Tangu Februari? Mama yako anaamini ni serikali ya huko inayokuzuia, kumbe unajizuia mwenyewe, na unamwacha aendelee kuiombea serikali ilainike moyo. Mtazame Susan. Ametengeneza kaburi tupu kwa sababu hana jingine. Wewe unalo, lina mtu ndani, njia ya kufika unaijua, na unalikimbia.

Jumapili hiyo vaa shati safi, shika pembe yako ya kitambaa usimame wima. Jumatatu mpigie mama kwanza, wadogo zako baadaye. Na usimwambie "karibuni". Hawezi kuloweka mahindi ya karibuni, wala wadogo zako hawawezi kusomba mchanga wa karibuni. Taja siku. Edson akubebee sanduku mpaka uwanja wa ndege, apate kazi ya kufanya badala ya kusema.

Shangazi Tulia

Jibu hili tulimtumia Anselm mapema, na kabla ya kuchapa tumepata ujumbe wake:

Shangazi, pembe nilishika. Edson alikuja eti kunisindikiza tu, na ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote. Mama nilimpigia Jumatatu, akauliza kama huku wananilisha makande. Mchanga umeanza kusombwa. Nafika Mwanga Jumamosi, tarehe 8 Julai.