Firigisi Yako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Tangu tukuzike, mambo ya hapa nyumbani yameendelea bila kumwomba mtu ruhusa. Mvua zilichelewa, tukaanza kunung'unika, zikaja. Alizeti tumepanda shamba la bondeni, lile la juu tumelipumzisha kama ulivyoagiza. Mbwa wako amehamia mlangoni kwa Mama na anajifanya hajawahi kulala kwingine. Kitu kimoja tu ndicho kilichosimama. Mama aliacha kuchinja kuku.

Utacheka. Nyumba ya huku Mkalama isiyochinja kuku! Wamejaa uani, wanaparua, wanataga mpaka kwenye kapu la nguo, na mgeni akija anakaangiwa mayai. Mchungaji alikuja kumjulia hali Mama, akala ugali na mlenda na mayai, akashukuru vizuri, lakini nilimwona anavyomtazama jogoo. Dada yangu Naomi alidhani Mama anawakusanya awapeleke mnadani. Mimi nilijua. Kuku akichinjwa hapa, firigisi lazima iende kwenye sahani ya mwenye nyumba, na mtu huyo siku zote ulikuwa wewe. Mtoto wa kiume niko peke yangu. Mama hakutaka kuigawa, mimi sikutaka kuipokea, basi kuku wakapona.

Niseme kweli, niliogopa. Niliona kwamba siku nitakayoila hiyo firigisi ndiyo siku utakayokuwa umekufa kabisa, na mbele yangu hapatakuwa na mtu tena.

Unakumbuka ile likizo yangu ya kwanza kutoka chuo cha ualimu? Tulikuwa tunapiga alizeti, wewe upande huu, mimi ule. Ukaniuliza tunafundishwa nini huko, nami nikaanza kwa mbwembwe. Nikakueleza kwamba binadamu, tangu anazaliwa mpaka anazeeka, anapita hatua nane, na kila hatua ina mvutano wake moyoni. Mtoto mchanga anajifunza kama watu ni wa kuaminika au la. Anayeanza kusimama anataka kufanya mambo mwenyewe, na akichekwa sana anabaki na aibu. Nikaendelea hivyo mpaka uzee. Ulishusha fimbo ukanisikiliza mpaka mwisho, halafu ukauliza, "Sasa mimi niko darasa la ngapi?" Nikasema la saba, la mtu mzima anayewalea wanaomfuata. "Ahaa," ukasema. "Darasa la saba. Kumbe nina mtihani."

Kuanzia hapo kila nikija ulikuwa unaniuliza kama matokeo yako yametoka.

Nimelifundisha somo hilo miaka mingi, na kila nikilifundisha naiona sufuria ya Mama. Kwetu mtu alijua amefika wapi kwa kipande alichopewa. Nilipokuwa sijaota meno ya kutosha, Mama alinisagia ini kwa vidole akanilisha. Hilo silikumbuka, lakini niliona akiwafanyia wanangu, na walifunua midomo bila wasiwasi kama vifaranga. Nilipofika umri wa kukataa kulishwa nilipewa mguu, na kucha zake, nikakae nao nje. Hauna nyama, lakini ulikuwa wangu, na ole wake aliyeugusa.

Halafu likaja lile balaa la tetea. Ulisema tutachinja, nami nikaona nisisubiri kutumwa. Nikamkamata aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa anaatamia. Mayai yote chini. Nilijificha nyuma ya ghala nikisubiri fimbo. Ulikuja ukachuchumaa, ukasema, "Umefanya vizuri kuanza. Siku nyingine nionyeshe kwanza unayemtaka." Kitabu kinasema katika umri ule mtoto huthubutu, na akikosea hatia inaweza kumzuia asithubutu tena. Mimi nilitoka nyuma ya ghala nikaenda kuokota maganda.

Nilipoanza shule ukanipa kazi ya kushika mabawa na miguu wakati unachinja. Nikajifunza kunyonyoa, maji yasichemke mno ngozi ikachubuka. Malipo yake yalikuwa kipapatio au shingo. Uliinua shingo juu kwa vidole viwili, ukatuangalia mmoja mmoja mimi na Naomi, ukauliza, "Mwenye bahati leo ni nani?" Na wewe ndipo ulipokuwa unaichukua firigisi, unaitafuna polepole umefumba macho. Tulikuwa tunameza mate. Nilidhani hakuna kitu kitamu kama kile chini ya jua.

Kisha nikaenda bweni, Kiomboi, nikarudi naitwa Sam. Sikutaka kubeba tenga la kuku kwenda mnadani, eti nitanuka. Hukunigombeza. Likizo nzima uliniita Bwana Sam, bila kucheka hata kidogo. "Bwana Sam, karibu ugali." "Bwana Sam, mbuzi wamesogea." Mpaka mwenyewe nikachoka, nikarudi kuwa Samweli. Na nilipokwenda Mtinko kwa wazazi wa mama Elia, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nikiwekewa kuku mzima nisimmalize, hata kama njaa inaniuma, ili wasije wakasema wamemwoza binti yao kwa mlafi.

Baada ya safari yote hiyo, Baba, mezani kwako niliendelea kupewa kipapatio! Nina mvi. Nina watoto watatu. Ni mwalimu mkuu msaidizi, wanafunzi wakiniona wananyamaza. Kwangu Kiomboi firigisi tunazila, za kuku wa kisasa, zinanunuliwa kwa kilo, hazina mwenyewe wala heshima. Lakini nikishuka basi Nduguti, nikaingia mlangoni kwako, Mama ananitolea kipapatio na wewe unatafuna firigisi yako. Nilikuwa nanung'unika ili tucheke. Leo nakuambia wazi kwamba nilikipenda kile kipapatio kuliko unavyodhani. Hakukuwa na mahali pengine nilipobaki kuwa mtoto.

Mara ya mwisho tulipokaa wawili ulikuwa unaota jua la asubuhi, blanketi magotini. Ukaniuliza darasa la nane linahusu nini. Nikasita, kisha nikakueleza kwamba mtu anageuka kutazama alikotoka, akaridhika au akabaki na majuto. "Kuna shamba moja kule Kinampanda nilipaswa kulinunua nikaogopa," ukasema. "Mengine yote sawa." Halafu ukaomba uji. Nimelitafakari jibu lile mara nyingi, na kila mara linanipa usingizi mzuri.

Sasa nikuambie cha wiki iliyopita, maana ndicho kilichonifanya niandike. Mjukuu wako Elia amepata kipaimara. Kijana ni mrefu sasa, sauti imekuwa nzito, hajui mikono yake aiweke wapi. Mama akatuma ujumbe kwamba tumlete amwone, na kwamba atachinja. Tulipousoma, mama Elia aliniangalia, nami nikajifanya natafuta funguo.

Tulifika, tukasali, tukanawa. Mama akagawa. Elia akapewa paja, siku ilikuwa yake. Watoto wakapata vyao. Mimi nilikuwa natazama ugali. Sahani ikawekwa mbele yangu, na firigisi ilikuwa juu yake, imekatwa vizuri kama alivyokuwa anakukatia wewe. Nikasema, "Mama, hii ni ya Baba." Nikataka kuirudisha.

Mama akaushika mkono wangu. "Baba yako hakuipenda firigisi hata siku moja," akasema.

Nilidhani ni huzuni inasema. Akaketi kwenye kigoda, akatusimulia sote. Kumbe babu alipofariki ulikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo, na bibi akakuwekea firigisi mbele ya watu. Ukaitafuna huku unamkodolea Mama macho akuokoe. Baadaye ukamwambia ni kama kutafuna kandambili. Mama akakushauri uiache, na wewe ukakataa. Ukasema, "Samweli alikuwa amekaa mbele yangu ananitazama. Nikiirudisha, huyu mtoto atajua nyumba haina mwenyewe." Kipande ulichokipenda, Mama akasema, ni shingo.

Shingo, Baba! Ile uliyokuwa unatuinulia juu ukatafuta mwenye bahati.

Nililia. Sikujali Elia ananiona. Nilikuona upya, mara zote zile, umefumba macho, na sisi tunameza mate tukidhani uko peponi. Nilikuonea huruma, nikakuonea fahari, na nikatamani nikupigie simu nikutanie. Nilitamani sana. Kisha nikafuta uso, nikainua kichwa, nikakuta Elia ameshika paja lake hajaling'ata. Alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja aone nitafanya nini.

Nikaiweka mdomoni. Nikatafuna polepole.

"Ni tamu?" Mama akauliza.

"Tamu sana," nikajibu.

Baba, alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko. Hajacheka hivyo tangu utuache. "Na wewe umeanza!" akasema. "Maneno yale yale, na uso ule ule!" Elia naye akacheka bila kujua sababu, akaanza kula. Watoto wakadai mchuzi. Nyumba ikapata kelele zake.

Nakuahidi, mahali pako hapatabaki wazi. Mama atachinja na mimi nitakula. Elia na wadogo zake watakuwa watu wazima, watakuja hapa na vyeo vyao na mvi zao, na mimi nitahakikisha wanapewa vipapatio, hata wakinung'unika namna gani. Mama nitamtunza, usiwe na wasiwasi naye. Na lile shamba la Kinampanda, nimeulizia.

Pumzika, Baba yangu. Asante kwa kila firigisi uliyoitafuna.

Kuna jambo sikumwambia Mama, kwa sababu sikutaka kumharibia kicheko. Nakuambia wewe peke yako. Mimi sikusema uongo. Ilikuwa tamu kweli.

Mwanao,
Samweli