Agata, Mzazi Hajulikani

Hagsätra, Jumapili, tarehe 17 Novemba 1985

Daftari langu, leo nitaandika yote, pamoja na sehemu yangu, maana kosa la leo nimelifanya mimi.

Tangu asubuhi inaanguka theluji ya majimaji, inayeyuka kabla haijatulia chini. Saa tisa alasiri taa za barabarani zilikuwa zimekwisha washwa. Mama yumo chumbani, amefunga mlango. Baba anaosha vyombo, jambo ambalo huwa halifanyi.

Yote yalianzia shuleni. Fröken, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu katika nchi hii ya Wazungu, alituagiza kila mmoja achore mti wa ukoo wake, tuibandike ukutani Jumanne. Lena, ninayekaa naye dawati moja, ana vizazi tisa kutoka vitabu vya kanisa, hadi mkulima mmoja aliyekuwa na ng'ombe wawili. Mimi fröken aliniinamia akasema, "Wewe Editha chora wazazi wako tu, inatosha. Kwenu hakuna vitabu."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliniuma.

Kwetu vitabu vipo. Kijijini kwa Mama, kusini mwa Tanzania, siku nzima kwa miguu kutoka Masasi, kuna kanisa lenye kitabu cha ubatizo kilichoanza kabla Bibi, mama yake Mama, hajazaliwa. Mwezi wa tisa nilimwandikia katekista, kwa Kiswahili alichonifundisha Mama mezani hapa, nikamwomba aninakilie mstari wa mama mzazi wa Bibi. Sisi Wayao ukoo wetu hufuata mama, kwa hiyo yeye ndiye shina. Habari zake nimesimuliwa tangu sijajua kusoma: binti wa mwenye nchi, aliyetembea akishikiwa mwavuli. Hadithi hiyo Mama huitumia kama wengine wanavyotumia fimbo. Baba ni mtoto wa mpishi wa misheni, na hajawahi kuvunja sahani asikumbushwe.

Barua ilifika Alhamisi. Sikuifungua. Nilitaka kuifungua leo mbele ya wageni, Mama apate heshima yake.

Ilikuwa zawadi.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja ni jirani yetu Mama Nabirye, Mganda aliyekimbia kwao akiwa na sanduku moja. Wa pili ni Bwana Komba, Mngoni anayekaa Märsta na kufanya usafi uwanja wa ndege. Komba ni mtani wetu. Zamani Wangoni waliwavamia wazee wetu, na siku hizi vita imebaki ya maneno: anaweza kutuita lolote, sisi tunamrudishia, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Tangu nikiwa mdogo haniiti jina langu.

"Mtumwa wangu, chai iko wapi?" alisema alipoketi.

"Inatafutiwa chombo," Mama alimjibu. "Vikombe vyetu ni vya watu."

"Huyu nyanya yake tulimteka, tukamrudisha wenyewe. Alikuwa anakula sana."

Mama Nabirye alishika kifua kwa kucheka. "Nyinyi munatukanana namna hii na bado munakula pamoja?"

Nikaona wakati wangu umefika. Nikasimama, nikafungua bahasha kwa kisu cha mkate, nikasoma kwa sauti ya kusomea kanisani: "Agata. Mtu mzima. Mzazi hajulikani. Mtumwa. Alinunuliwa na mumewe kwa doti mbili za kaniki."

Niliyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Komba alijipiga paja, akacheka mpaka machozi. "Mtoto ameiva huyu, jamani. Amenitangulia mpaka kanisani."

Mama naye alicheka. Alidhani nimetunga ili kumkata mtani maneno. "Haya, umemweza," akaniambia. "Sasa soma ya kweli."

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema "Agata, binti wa mwenye nchi" na kuikunja karatasi. Nafasi hiyo nimeirudia kichwani jioni nzima, na kila mara nafanya vilevile.

"Ya kweli ndiyo hii, Mama," nilisema. "Ina mhuri."

Akaichukua. Akaisoma, midomo ikitembea. Hakuna aliyeinua kikombe.

Baba ndiye aliyetangulia kusema. "Kumbe. Miaka kumi na sita nasimangwa na malkia wa doti mbili."

Baba si mtani wa Mama.

Komba alivaa koti chai ikiwa bado ina moshi. Mlangoni alinipa mkono akasema, "Kwaheri, Editha." Jina langu kinywani mwake lilinitisha kuliko barua. Mama Nabirye alimfuata bila kuaga.

Nilidhani nitapigwa. Mama alisema tu, "Umenivua nguo mbele za watu." Kisha akakaa chini, sakafuni, mgongo kwenye jokofu, akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kaka yake, Mjomba Lukas, alikuwa na mchumba aitwaye Rehema. Bibi alimkataa kwa sababu bibi yake Rehema alinunuliwa, na mtu wa kununuliwa hana ukoo wa kuwapa watoto. Mama alitumwa kisimani kumpelekea Rehema jibu, mbele ya wenzake, na Rehema alikuwa na mimba.

"Nilimwambia arudi kwa waliowauza," Mama alisema. "Nilikuwa na umri wako. Nilijisikia mkubwa."

Rehema aliondoka na ndoo tupu. Mjomba alikwenda migodini, na hadi leo hajaandika.

Nilitaka kumshika Mama bega. Sikumshika. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamchukia, na sijui kipi kilitangulia.

Kabla hajafunga mlango alisema kuhusu mti wangu: "Andika binti wa mwenye nchi. Wazungu watajuaje?"

Nimeandika kwa wino: Agata, mzazi hajulikani. Jumanne nitaubandika, hata kama fröken atanipa tena ule upole wake. Ninatumaini siku moja Mama atakuja kuusoma.

Nimeanza pia barua kwa Bibi. Nimeandika salamu zote kama nilivyofundishwa, nimeuliza hali ya mguu wake na ya mikorosho. Chini yake nimeandika swali moja, na nimemwomba anijibu siku ileile atakayoipokea: Bibi, ulipomtuma Mama kisimani kwa Rehema, mama yako Agata alikuwa bado hai? Alikuwa amekaa hapo nyumbani, akisikia?